Hongera BAKIZA, na Ng'ambo Tupo

Baraza la Kiswahili Zanzibar, BAKIZA, linastahili pongezi za dhati. Makongamano yake ya kimataifa yanawaleta wataalamu wa lugha na fasihi hapa Unguja, nyumbani kwa wenye lugha, nasi tunaona fahari.

Na katika fasihi hiyo hatukosi shujaa wa kuenziwa. Wapenzi wa visa vya Mfalme Arthur wana jumuiya yao ya kimataifa tangu 1948. Sisi nasi tuna shujaa wetu wa tenzi, Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wa Liyongo mwaka 1913, na kile kisa cha shujaa huyo akiwa gerezani hakichoshi kamwe: mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wanakula mikate mizuri na kuudharau ule wa makapi, kisha ngoma ya gungu inarindima nje huku shujaa akikata pingu zake. Na hapo, anayesoma kwa macho tu, bila kusikia beti zikighaniwa, amekosa nusu ya utamu.

Kwa hiyo tunawaomba waandaaji: kongamano lijalo litengeeni jioni moja huku kwetu mitaa ya Ng'ambo mjini, Raha Leo au Kikwajuni, milango wazi kwa kila mtu, na maghani yatangulie makala.