Mengo katika Majedwali: Uhakiki wa Takwimu za Uchaguzi nchini Uganda, 1961–2021

Ikisiri

Makala haya yanahakiki takwimu zinazotegemewa na watafiti wa siasa na chaguzi za Uganda, yakiitumia Mengo kama kipimo. Hoja yake kuu ni kwamba takwimu hizo si haba. Kinachokosekana ni maelezo ya eneo linalowakilishwa na kila tarakimu, ya watu ambao tarakimu hiyo haikuwahesabu, na ya hatua ambayo hesabu ilikuwa imefikia tarakimu ilipoandikwa. Makala yanaonyesha kuwa mengi ya mapengo hayo yalitokana na maamuzi ya kisiasa, na kwamba mshauri wa sera anayeyapuuza huweza kushauri juu ya watu ambao hawamo kabisa katika jedwali lake.

1. Utangulizi

Katika magazeti ya Kampala, neno "Mengo" mara nyingi humaanisha serikali ya Ufalme wa Buganda, ambayo baraza lake, Lukiiko, hukutana katika jengo la Bulange. Kwa mkazi wa jiji, Mengo ni kilima chenye Lubiri, kasri ya Kabaka, pamoja na mitaa inayokizunguka. Kwa makarani wa sensa ya 1959, Mengo ilikuwa wilaya nzima, yenye vijiji vingi ambavyo wakazi wake hawakuwa na sababu ya kukiona kilima hicho. Maana hizi tatu zimeingia katika takwimu rasmi kwa nyakati mbalimbali, na mara nyingi jedwali halimwambii msomaji ni ipi inayokusudiwa.

Suala hili lina uzito kuliko usafi wa istilahi. Mjadala wa shirikisho, unaojulikana nchini humo kama "federo", ugawaji wa majimbo ya uchaguzi, na madai ya nani anayesema kwa niaba ya Waganda, yote hutetewa kwa tarakimu. Kauli kwamba Buganda ilichagua hivi au ilikataa vile hutolewa kana kwamba kuna safu moja ya hesabu inayoanzia uhuru hadi leo. Safu hiyo haipo. Anayeihitaji hulazimika kuijenga, na ujenzi wake ndio unaohakikiwa hapa.

2. Jina moja, maeneo mengi

Ugumu wa kwanza ni wa mipaka. Sensa ya 1969 haikuwa tena na Wilaya moja ya Mengo. Ilitaja Mengo Mashariki na Mengo Magharibi. Kufikia sensa ya 1980 majina hayo yalikuwa yameondoka: eneo la Mengo Magharibi lilijulikana kama Mpigi, na la Mengo Mashariki liligawanywa kuwa Mukono na Luwero. Mgawanyo haukuishia hapo. Nakasongola ilitolewa Luwero mwaka 1997, na Nakaseke ikafuata mwaka 2005. Mwaka 2000 Wakiso ilikatwa kutoka Mpigi, na Kayunga kutoka Mukono. Takriban miaka kumi baadaye Mpigi ilipoteza tena Gomba na Butambala, huku Buikwe na Buvuma zikitoka Mukono.

Kilima chenyewe nacho kilihamishwa katika vitabu vya hesabu. Kwa muda mrefu Kibuga, yaani mji mkuu wa Kabaka, kilikuwa na utawala wake mbali na ule wa manispaa ya Kampala, hali iliyoelezwa kwa kina na Peter Gutkind katika utafiti wake wa 1963 juu ya mji huo. Mipaka ya Kampala ilipopanuliwa mwaka 1968, Mengo iliingizwa ndani ya jiji. Hivyo ongezeko la watu wa "Kampala" kati ya 1959 na 1969 kwa sehemu ni ongezeko la ardhi. Hata leo parokia iitwayo Mengo imo katika Divisheni ya Kati, ilhali Bulange na Lubiri ziko katika Divisheni ya Rubaga. Mtafiti anayechukua parokia kwa jina lake ataiacha nje Mengo ambayo wasomaji wake wanaifikiria.

Ufalme, kwa upande wake, huhesabu kwa masaza 18, ambayo hayalingani na wilaya za serikali wala na majimbo ya Bunge. Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) nayo hugawa eneo hilohilo kuwa Kampala, Buganda Kusini na Buganda Kaskazini. Kwa hiyo "kura ya Buganda" katika utafiti wowote ni jumla iliyotengenezwa na mtafiti kwa kujumlisha wilaya alizozichagua. Jumla hiyo inaweza kuwa halali kabisa, mradi orodha ya wilaya zake iwekwe wazi. Pasipo orodha hiyo, watafiti wawili waaminifu wanaweza kupata Buganda mbili tofauti kutokana na uchaguzi mmoja.

3. Sufuri ya 1962

Ugumu wa pili ni wa wasiohesabiwa. Katika uchaguzi wa Machi 1961, serikali ya Mengo iliwataka watu wake wasusie, na sehemu ndogo sana ya waliostahili ndiyo iliyojiandikisha. Kwa kura hizo chache, chama cha DP kilipata viti 20 kati ya 21 vya Buganda, na kwa viti hivyo Benedicto Kiwanuka akapata wingi wa kuunda serikali, ingawa UPC ilikuwa na kura nyingi zaidi nchini kote. Jedwali la viti huonyesha Buganda ya DP. Jedwali la uandikishaji huonyesha nchi iliyokaa nyumbani. Anayesoma la kwanza bila la pili hupata picha iliyo kinyume na siasa za wakati huo.

Mwaka uliofuata hali iligeuka, na takwimu zikawa ngumu zaidi. Katika uchaguzi wa Lukiiko wa Februari 1962, Kabaka Yekka (KY) ilishinda viti 65 kati ya 68. Kisha Lukiiko, na wala si wapigakura, ikawachagua wabunge 21 wa Buganda katika Bunge la taifa. Kwa hiyo katika uchaguzi wa Aprili 1962 KY ina viti 21 na haina hata kura moja. Asilimia zinazonukuliwa kwa uchaguzi huo, takriban 52 kwa UPC na 46 kwa DP, zimehesabiwa nje ya Buganda. Hata hivyo huwekwa katika safu moja na asilimia za chaguzi nyingine, chini ya kichwa "Uganda".

Hapa ndipo vitabu vya marejeo vinapostahili kuhakikiwa. Kitabu cha takwimu za chaguzi za Afrika kilichohaririwa na Dieter Nohlen, Michael Krennerich na Bernhard Thibaut mwaka 1999 kimewasaidia watafiti wengi kwa kukusanya pamoja hesabu zilizotawanyika. Lakini mpango wa kitabu cha aina hiyo, wenye jedwali la kila nchi kwa ngazi ya taifa, huifanya nchi kuwa kizio kisichogawanyika. Sufuri ya KY inapoingizwa katika mpango huo, kompyuta huisoma kuwa ni kukosa uungwaji mkono, ilhali maana yake ni kwamba watu hawakuulizwa. Tofauti kati ya sufuri na pengo ni jambo dogo kwa mchapaji na kubwa sana kwa mchambuzi.

Kura ya maoni ya Novemba 1964 kuhusu Buyaga na Bugangaizi, zilizoitwa kaunti zilizopotea, inakamilisha somo hili. Mengo ilikuwa imewapeleka askari wa zamani kuhamia Ndaiga ili idadi ya wafuasi wake iongezeke. Serikali kuu ikajibu kwa kuamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu waliokuwa katika daftari la 1962. Serikali ya Kabaka ilipinga mahakamani bila kufaulu, na kaunti zote mbili zikachagua kurudi Bunyoro. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kisa hiki daftari lilikuwapo, na ushindani wenyewe ulikuwa juu ya daftari lipi litumike. Mtafiti anayelitumia matokeo hayo kupima utashi wa wakazi wa 1964 hana budi kueleza kwamba waliopimwa ni walioandikwa mwaka 1962.

4. Hatua ya hesabu

Ugumu wa tatu ni wa wakati na mamlaka ya kutangaza. Baada ya upigaji kura wa Desemba 1980, Paulo Muwanga, Mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, alipiga marufuku kutangazwa kwa matokeo yoyote bila idhini yake. Matokeo yaliyotoka baadaye yaliipa UPC wingi katika Bunge la viti 126. Kati ya viti hivyo, 17 vilikuwa vya wagombea wa UPC waliopita bila kupingwa, na kwa hiyo majimbo hayo hayana kura za kujumlishwa. Asilimia ya kitaifa ya 1980 basi ina udhaifu wa aina mbili: sehemu yake haikupigiwa kura, na iliyopigiwa ilipitia mkononi mwa mtu mmoja. Kuitumia kama mwanzo wa ulinganisho na chaguzi za baada ya 1996, bila tahadhari, ni kujenga juu ya mchanga.

Uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 unaonyesha kuwa tatizo hilo halikwisha na zama za kijeshi. Sheria inataka mshindi wa urais atangazwe ndani ya saa 48 baada ya upigaji kura kufungwa. Tarehe 16 Januari, Jaji Simon Byabakama, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alimtangaza Yoweri Museveni kwa kura 5,851,037 (asilimia 58.64), huku Robert Kyagulanyi akipewa 3,475,298 (asilimia 34.83). Baadhi ya vituo 34,684 havikuwa vimeingizwa. Hesabu kamili iliyotolewa baadaye ni 6,042,898 (asilimia 58.38) na 3,631,437 (asilimia 35.08). Seti zote mbili zingali zikinukuliwa, mara nyingi bila tarehe.

Kwa ujumla wa nchi, tofauti hiyo ni ndogo. Ikichunguzwa kwa karibu, ina la kufundisha. Museveni aliongezewa kura 191,861 na Kyagulanyi 156,139. Tukichukua kura za wagombea hao wawili peke yao, sehemu ya Museveni ni takriban asilimia 63 katika hesabu ya kwanza, lakini ni takriban 55 tu katika nyongeza. Hili peke yake halithibitishi hila. Linathibitisha kwamba kura zilizochelewa hazikufanana na zilizowahi, na kwamba mchambuzi aliyetumia seti ya kwanza kwa uchunguzi wa eneo moja moja alikosa sehemu yenye mwelekeo wake mahususi. Intaneti ilizimwa nchini kuanzia jioni ya 13 Januari hadi 18 Januari, na hivyo njia ya kukusanya nakala za fomu za vituo na kuzilinganisha upesi na hesabu ya Tume ikafungwa katika siku zilezile ilipohitajika.

5. Sensa, daftari na utafiti wa maoni

Pale matokeo yanapokosa jibu, watafiti hukimbilia sensa na utafiti wa maoni. Vyanzo hivi navyo vina mipaka. Sensa humhesabu mtu alipolala usiku wa kuhesabiwa. Daftari humhesabu alipojiandikisha. Sensa ya 2014 iliipa Kampala watu 1,507,080 na Wakiso inayoizunguka watu 1,997,418. Wengi wanaoshinda Mengo kwa kazi hulala upande wa pili wa mpaka huo, na wengine wameandikwa katika wilaya walikozaliwa. Kugawa idadi ya wapigakura wa Rubaga kwa idadi ya wakazi wake wazima huleta kiwango ambacho pande zake mbili hazizungumzii watu walewale.

Utafiti wa maoni, kama ule wa Afrobarometer, una sampuli ya taifa ya watu 1,200 au 2,400. Kampala ilikuwa na zaidi kidogo ya asilimia 4 ya watu wote wa Uganda mwaka 2014. Katika sampuli ya 1,200, fungu lake ni kama watu 52. Kwa idadi hiyo, ukingo wa makosa unakaribia pointi 14 juu na chini. Divisheni ya Rubaga, moja kati ya tano, ingekuwa na watu kumi hivi, na Mengo huenda isiwe na hata mmoja. Kwa sifa yake, Afrobarometer humuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyemtuma mhoji. Swali hilo, ambalo wachambuzi wengi huliruka, ni la thamani kubwa mahali ambapo kuitaja Mengo au Ikulu huweza kuonekana kuwa ni kuchagua upande.

6. Hitimisho

Uhakiki huu hauna nia ya kuwakatisha watafiti tamaa na tarakimu. Tume ya Uchaguzi imekuwa ikitoa matokeo ya kituo kwa kituo, hazina ambayo haikuwapo mwaka 1962 wala 1980, ingawa kuyatoa kwa faili za PDF huwalazimu watafiti kuyanakili upya na kuongeza makosa. Ngazi ya kituo na parokia ndiyo inayofaa kuwa msingi, kwa sababu vipande vidogo vinaweza kuunganishwa upya kuwa wilaya ya 1969, jimbo la leo au saza la ufalme, wakati wilaya nzima haiwezi kuvunjwa kurudi katika vipande vyake.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, vyuo vikuu vya kanda vishirikiane na UBOS kutengeneza jedwali la ulinganifu wa mipaka kuanzia 1959, ili Mengo ya kila sensa ijulikane kwa ramani. Pili, Tume itoe matokeo ya vituo katika muundo unaosomeka na kompyuta, na ihifadhi hadharani kila toleo pamoja na tarehe yake. Toleo la mwisho lisifute la kwanza. Tatu, kila jedwali katika utafiti na katika ushauri wa sera liwe na safu ya wasiohesabiwa: waliosusia, waliochaguliwa kwa niaba yao, waliopitiwa na mgombea asiye na mpinzani, na ambao vituo vyao vilichelewa.

Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote, kwa kuwa haihitaji bajeti wala ruhusa ya mtu. Mshauri atakayependekeza mpaka mpya wa jimbo au mfumo mpya wa uwakilishi kwa Buganda bila kuijaza atakuwa anarudia, kwa nia njema, jambo lilelile lililofanywa mwaka 1962: kuwapangia watu viti bila kuwahesabu.