Mgeni wa Wiki Nane: Mtoto wa Mbwa Anavyoingizwa kwenye Ua Wenye Mbwa Mzee

Katika nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki, mtoto wa mbwa huletwa kwa sababu mlinzi amezeeka. Usiku hasikii geti mpaka ligongwe, meno yamekuwa butu, na mwenye nyumba anataka apatikane mwingine wa kujifunza kwake kabla hajafa. Fikra hiyo ina msingi. Mtoto anayekulia kando ya mbwa mzima mtulivu huiga mengi bila kufundishwa na mtu: nani wa kubwekewa na nani wa kuachwa apite, pa kujisaidia, pa kujilaza jua linapopanda. Kinachoharibu mpango ni siku ya kwanza. Mtoto hutolewa kwenye boksi na kuwekwa chini mbele ya pua ya mzee, watoto wa nyumbani wamewazunguka, kila mtu anangoja kuona kama watapendana. Mzee hunguruma. Hupigwa teke au hufungwa mnyororo, na kuanzia dakika hiyo amejifunza jambo moja tu: kile kitu kidogo kikitokea, yeye huumia.

Ukimwangalia mzee kama mwenyeji na mtoto kama mgeni, mpangilio mzima wa kazi unaeleweka. Mgeni hujulikana kwanza kwa harufu, kisha kwa macho, na mwisho kwa kugusana. Anayeruka hatua moja kati ya hizo hulazimika kurudi nyuma baadaye, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Umri wa mgeni una uzito wake. John Paul Scott na John L. Fuller, watafiti waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha mwaka 1965 kitabu kilichoonyesha kwamba mtoto wa mbwa hujenga mahusiano yake ya msingi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Ndani ya muda huo huzoea kwa urahisi anachokutana nacho. Baadaye woga wa vitu vigeni huzidi. Lakini wiki za mwanzo ni za mama na ndugu zake. Mtoto ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano, na anapomng’ata nduguye kupita kiasi, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Hivyo ndivyo anavyojifunza kipimo cha kung’ata. Watoto wanaouzwa kando ya barabara wakiwa na wiki 4 au 5 hawajamaliza somo hilo, na huja kulimalizia kwenye masikio ya mzee asiye na subira. Wiki ya 8 ndiyo inayofaa zaidi: somo la ndugu limeingia na dirisha la kuzoea bado li wazi.

Kabla ya kujuana kuna suala la magonjwa, na hapa haraka huua. Virusi vya parvo, vilivyoenea duniani kuanzia mwaka 1978, hukaa ardhini kwa miezi mingi. Sabuni ya kawaida haiviui. Kinachosaidia kwenye sakafu ya saruji ni jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 30, baada ya uchafu kusafishwa. Mtoto aliyeambukizwa mara nyingi huanza kutapika na kuharisha damu kati ya siku ya 3 na ya 7, kwa hiyo aliyefika mchangamfu Jumamosi anaweza kuwa hoi Alhamisi. Chanjo za parvo na distempa huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hufuata akiwa na wiki 12. Anayeona hayo ni mambo ya matajiri na akumbuke Serengeti: mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, na mbwa wa vijijini wasiochanjwa ndio waliohusishwa na chanzo chake. Ugonjwa ulioweza kumwangusha simba hauwezi kumhurumia mtoto wa mbwa wa kilo tatu.

Minyoo hupita kwa mama, tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto achukuliwe kuwa anayo hata kama kinyesi chake kinaonekana safi. Dawa hutolewa kila baada ya wiki 2 tangu akiwa na wiki 2, na mnunuzi anapaswa kuuliza ameshapewa mara ngapi. Kwa kupe na viroboto mambo hugeuka: mwenyeji ndiye mwenye kuwaambukiza. Mzee aliyezoea kupe wake huonekana hana neno, ilhali mtoto mdogo anaweza kuishiwa damu kwa siku chache. Basi mzee naye aogeshwe dawa, chanjo zake zikaguliwe, na daktari wa mifugo amshike nyonga na mgongo. Suala la maumivu ya viungo litarudi mbele, maana ndilo linalosababisha ugomvi mwingi unaoitwa wivu.

Mtoto akae peke yake wiki mbili, kwenye stoo, kibaraza kilichozibwa au chumba cha uani, na anayemhudumia anawe mikono na kubadili viatu. Wengi huziona wiki hizo kama kuchelewesha. Kwa kweli ndizo wiki za pua. Mbwa, mbali na pua yenyewe, ana kiungo cha Jacobson juu ya kaakaa kinachopokea harufu za wenzake, na anaweza kujua jinsia na hali ya mbwa asiyemwona. Daktari akishasema ngozi ya mtoto haina upele, kipande cha gunia alicholalia hupelekwa uani na kuwekwa hatua mbili kutoka mahali mzee anapolia chakula. Hakisogezwi puani kwake. Huachwa akifuate mwenyewe. Akikinusa, akapumua kwa nguvu mara moja na kurudi kwenye ugali wake, mambo ni mazuri. Akisimama juu yake mwili umekakamaa, manyoya ya mgongoni yamesimama, gunia lisogezwe mbali zaidi, na zoezi liendelee kila siku mpaka harufu ile iwe ya kawaida kama ya kuku wa jirani. Gunia la mzee nalo hupelekwa kwa mtoto.

Zamu ya macho huja na wavu. Waya wa kuku uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao unatosha. Mzee huletwa kwa kamba mpaka umbali ambao anamwona mtoto na bado anaweza kugeuza kichwa akiitwa kwa jina. Kwa mbwa mmoja ni mita 3, kwa mwingine ni 15. Mtoto anapoonekana, mzee hupewa kipande cha nyama au dagaa wachache. Mtoto akiondolewa, dagaa nao huisha. Utaratibu huu, wa dakika tano asubuhi na tano jioni, una nguvu kuliko maneno yoyote ya kubembeleza, kwa sababu humfanya mgeni kuwa habari njema. Wenye nyumba wengi hufanya kinyume chake bila kujua: humbeba mtoto, humcheka, humlisha, na mzee akisogea hufukuzwa.

Siku ya kukutana, jambo la kwanza kuamuliwa ni mahali. Vitabu vya nchi za baridi hushauri bustani ya umma ambayo hakuna mbwa anayeihesabu kuwa yake. Kwa mtoto asiyekamilisha chanjo, mahali wanapopita mbwa koko ni hatari, kwa hiyo shauri hilo halifai kuchukuliwa jinsi lilivyo. Ua wa nyumba unaweza kutumika, ila si popote. Getini hapafai kabisa. Pale mzee yuko kazini. Hata mtu anayemfahamu hupokewa kwa ukali zaidi pale kuliko nyuma ya jiko. Karibu na banda lake na mahali anapolia pia hapafai. Upande wa kamba za kuanikia nguo, ambako mzee hupita tu bila kukaa, ndiko kwenye nafasi nzuri.

Wanahitajika watu wazima wawili, kila mmoja na kamba yake, na kamba zote mbili zilegee. Kamba iliyovutwa humwinua mbwa kifua, naye huonekana kwa mwenzake kama anayetafuta ugomvi hata kama hana nia hiyo. Pia humnyima nafasi ya kugeuka na kuondoka. Huanza kwa kutembezwa sambamba, wakielekea upande mmoja, mita chache kati yao, mpaka mwendo wa mzee utulie. Kisha huachwa anuse nyuma ya mtoto. Hesabu huwa moja, mbili, tatu, halafu mzee huitwa kwa sauti ya kawaida na kupewa kitu. Mtoto mara nyingi hulala chali, huonyesha tumbo, pengine hujikojolea matone. Hiyo ni salamu ya heshima na haina haja ya kufokewa. Mkutano mzima usizidi dakika kumi, na ukomeshwe ungali mzuri.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, aliweka mbwa mwenye uhasama kando ya mbwa mwenye upendo: wa kwanza amesimama wima, mkia juu, mwili mgumu, wa pili ameshuka, anajipinda, mkia unapepea. Ubavuni mwa mbwa hao wawili kuna wa tatu, anayepaswa kutazamwa zaidi: aliyechoka na hali hiyo lakini hajasema. Hujilamba mdomo wakati hakuna chakula. Hupiga mwayo bila usingizi. Hugeuza uso, weupe wa jicho ukionekana kama mwezi mwembamba. Hapo ndipo mtoto anapoondolewa, kabla ya hatua inayofuata.

Hatua inayofuata ni mngurumo, na hakuna kosa linaloleta madhara makubwa kuliko kumwadhibu mzee kwa kunguruma. Mngurumo ni lugha. Mbwa aliyepigwa kwa sababu yake haachi kuchukia, huacha kuonya. Mwezi mmoja baadaye atauma bila kutoa sauti, na watu watasema amegeuka ghafla. Mzee mwenye malezi mema ana ngazi zake: hukaza macho, hunguruma, huonyesha meno, hung’ata hewa kando ya shingo ya mtoto, au humlaza chini kwa mdomo bila kukaza taya. Mtoto hupiga makelele kama anayechinjwa. Akiachiwa baada ya sekunde moja au mbili na ngozi haina alama, alichopata ni somo lile lile la ndugu zake, likiendelezwa na mwalimu bora. Inayotisha ni hali ya mzee aliye kimya, anayemfuata mtoto anayekimbia, anayemshika na kumtikisa. Hapo kazi hurudi kwenye wavu, na daktari huitwa. Mbwa wa miaka 9 mwenye nyonga zinazouma anarukiwa mgongoni mara thelathini kwa siku. Hasira zake si tabia mbaya, ni maumivu, nayo yana dawa.

Nyumbani, ugomvi mwingi huzuka kwenye sufuria. Mtoto hula mara 3 au 4 kwa siku, mzee mara 1 au 2, na kila mmoja alie pake, asipoweza kumwona mwenzake. Mabaki ya mzee huondolewa mara tu anapoacha kula. Mifupa isitupwe uani kabisa katika miezi ya mwanzo. Hata mbwa wanaolala pamoja kwa amani hugombania mfupa.

Banda ni hatari ya pili. Mabanda mengi ya uani ni sanduku lenye mlango mmoja, na mbwa hufungiwa humo tangu asubuhi hadi jioni. Kuwaweka wawili ndani yake ni kumnyima kila mmoja njia ya kukimbilia. Mtoto hulala hadi saa 18 au 20 kwa siku, lakini zile anazokaa macho ni za kung’ata mikia. Apewe banda lake, na mzee aachiwe mahali mtoto hawezi kupanda, kama baraza au benchi la zege. Haki ya mzee kupumzika ndiyo inayomfanya avumilie saa chache za utundu.

Meno ya utotoni hung’oka kuanzia mwezi wa 4, na kufikia wa 7 mengi ya meno 42 ya utu uzima yameshaota. Karibu na mwezi wa 5 mzee huanza kuwa mkali kwa makosa aliyoyasamehe jana, kwa kuwa mgeni hanuki tena kitoto. Watu hushangaa, wakati huo ndio mwendo wa kawaida. Majike wawili wanahitaji uangalifu wa pekee: joto la kwanza huja kati ya mwezi wa 6 na wa 12, na mapigano ya majike wa nyumba moja huwa makali na hujirudia. Kufunga kizazi kupangwe na daktari mapema.

Wakipigana kweli, mkono usiingizwe kati yao. Ndoo ya maji, mifuniko ya sufuria inayogonganishwa, au ubao mpana unaosukumwa katikati hutosha mara nyingi, kisha kila mmoja hufungiwa kwake mpaka kesho yake. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa wote wamechanjwa.

Kuwaacha wawili bila mtu huja mwisho, kwanza kwa nusu saa mchana, baadaye kwa usiku mmoja mtu akiwa dirishani. Mlinzi mzee huzunguka ukuta kama kawaida yake na mtoto humfuata nyuma kwa hatua tatu. Pikipiki ikisimama nje, mzee hubweka mara mbili, na mtoto, ambaye hajui kuna nini, hubweka ya tatu. Sahani zao zinaendelea kutenganishwa.