Kulika si Kuharibika: Istilahi za Breki katika Hati ya Dhamana

Imetufikia, kutoka ofisi moja ya umma mkoani Singida, hati ya dhamana ya gari aina ya pikapu iliyofasiriwa kwa Kiswahili ili isomwe na madereva pamoja na makarani wa usafirishaji. Tuliombwa tuikague kabla haijachapwa upya. Mfasiri wake hatumjui, lakini ni dhahiri kwamba ni mtu mwenye bidii na sarufi yake haina dosari ya kutajwa. Hata hivyo, sehemu inayohusu breki imetulazimu kuandika makala haya, kwa kuwa kasoro zilizomo hazikuanzia kwake. Ni kasoro za namna ya kufasiri inayoonekana katika maandishi mengi ya ufundi, ambayo hutafuta kwanza majina ya vitu na kuviacha vitendo vijitafutie njia.

Tuanze na jina. Kile kipande kinachokandamiza diski ili gurudumu lisimame, mfasiri amekiita "mto wa breki". Bila shaka alifungua kamusi, akaona maana ya kwanza, akatosheka. Mto ni kitu laini cha kulazia kichwa. Kipande tunachokizungumzia ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka gumu la kusuguana, na ulaini ndiyo sifa isiyotakiwa kabisa. Tena hakuna duka la spea, Singida mjini wala Manyoni wala Kiomboi, ambako mteja akiomba mito ya breki ataeleweka. Ataeleweka akisema "breki pedi". Na kwa magurudumu ya nyuma ya pikapu nyingi, ambayo yana dramu badala ya diski, atasema "breki shuu".

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Pedi siku hizi kwa watu wengi ni taulo za kike, na mwalimu wa ufundi atakayelitamka neno hilo peke yake darasani atachekwa. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Neno "sahani" ni chombo cha chakula na pia ni sahani ya santuri, wala hatukupata kusikia mtu aliyekula wali juu ya santuri. Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, ndipo tutohoe kutoka nje. Kwa maoni yetu gereji nayo imo ndani ya Kiswahili. Neno lililokwisha kutoholewa na mafundi, likanyumbuka midomoni mwao kwa miaka mingi, halihesabiwi tena kuwa la nje. Katika maandishi tuandike "pedi ya breki", kama sarufi inavyodai, na dukani wauzaji waendelee kusema wanavyosema.

Lakini jina, hata likiwa baya, halikumdhuru mtu katika hati hii. Kilichodhuru ni kitenzi. Mahali ambapo hati ya asili inaeleza kwamba dhamana haihusu vifaa vinavyopungua kwa kutumika, mfasiri ameandika kwamba haihusu "uharibifu wa kawaida". Msomaji afanye nini na maneno hayo? Kila kinachoharibika huonekana kuwa kimeharibika kikawaida, isipokuwa kilichopigwa radi. Karani aliyejaza fomu ya madai alifuata lugha ya hati, akaandika kwamba pedi za mbele zimeharibika. Wakala wa gari naye, kwa hati hiyo hiyo, akajibu kwamba uharibifu wa pedi ni wa kawaida na dai halilipiki. Kumbe fundi aliyezifungua alikuwa amesema kwa mdomo, kwa Kiswahili kilicho safi kuliko cha hati, kwamba pedi moja "imebanduka": tabaka la msuguano limeachana na bamba lake likiwa bado nene.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Pedi imeundwa ili ilike. Kila dereva akanyagapo breki, pedi hutoa sehemu yake ndogo na kuisimamisha gari kwa gharama hiyo. Ikilika imetimiza kazi yake, na hakuna mtengenezaji awezaye kuahidi kwamba haitalika. Kubanduka ni jambo jingine. Pedi inayobanduka au kupasuka kabla ya kulika imetoka kiwandani na ila, na hiyo ndiyo hasa shabaha ya dhamana. Kiswahili kina vitenzi vyote viwili, na mafundi huvitumia kila siku bila kuvichanganya. Wana na vingine zaidi. Pedi "imeng'aa" maana yake uso wake umeungua ukawa kama kioo, haushiki tena. "Inalia" maana yake imekaribia mwisho na kile kibati cha onyo kimeanza kugusa diski. "Imekula diski" maana yake tabaka limekwisha na chuma kinasaga chuma. Neno "kuharibika" linavifunika vyote hivi kama blanketi, na chini ya blanketi hilo haki ya mwenye gari haionekani.

Juu ya neno "dhamana" lenyewe tunakubaliana na mfasiri. Wapo wanaopendelea "waranti", lakini watumishi wa siku nyingi wanaijua waranti kuwa karatasi ya kusafiria kwa treni kwa gharama ya serikali, na mahakamani ni hati ya kumkamata mtu. Dhamana nayo ina kazi nyingi, za polisi, za benki, hata za waziri mwenye dhamana ya jambo fulani. Ila katika kazi zote hizo yuko anayebeba wajibu iwapo lililoahidiwa halikutimia, na maana hiyo inafaa hapa. Tunatoa tahadhari moja tu kwa wafasiri wa sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inatenganisha sharti kuu la mauzo na ahadi iliyo ndogo kuliko sharti. Likivunjwa sharti, mnunuzi aweza kuikataa bidhaa. Ikivunjwa ahadi ndogo, hudai fidia tu. Kwa Kiingereza ahadi hiyo ndogo na karatasi ya dukani zina jina moja. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, suala hili si la kinadharia tena. Katika vijitabu vya magari tuandike "dhamana ya mtengenezaji", na neno la sheria litafutwe peke yake.

Kuna istilahi moja zaidi ambayo hatuwezi kuipita. Hati inamwonya dereva juu ya "kufifia kwa breki". Taa hufifia, rangi hufifia. Dereva anayetoka Singida kwenda Igunga, aliyeipita Misigiri na kuanza kuuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui, hafikirii kufifia. Breki hazimezi mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Gari la tani 2 likishuka kimo cha mita 100 kwa breki peke yake hutoa joto linaloweza kuchemsha karibu lita 6 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Lori la tani 40 hutoa mara ishirini ya hilo. Joto hilo likizidi, pedi au shuu hupoteza mshiko hata kama ni mpya. Madereva husema breki "zimepata moto", na hilo ndilo onyo linalopaswa kuandikwa, pamoja na maelezo ya kushuka kwa gia nzito tangu juu. Magazeti na taarifa za ajali husema tu kwamba breki "zilifeli", kama mwanafunzi, na sababu hubaki mlimani.

Katika jambo moja mfasiri amewashinda mafundi. Ameandika "kimiminiko cha breki" mahali ambapo gereji nyingi husema "mafuta ya breki". Tulidhani kwanza kwamba ni usomi usio na haja. Lakini kimiminiko hicho si mafuta: mtu akijaza oili ya injini, mipira ya silinda huvimba na breki hufa. Tena hunyonya unyevu wa hewa. Kile cha daraja la DOT 4 hakitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 kikiwa kipya, ila kikisha kunyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155, na kikichemka mteremkoni kanyagio huzama hadi sakafuni. Neno la mtaani hapa linaficha hatari, basi na liachwe.

Tumeirudisha hati Singida na mapendekezo haya: kwamba dhamana ya mtengenezaji haihusu pedi zilizolika kwa matumizi, bali inahusu pedi zilizobanduka, kupasuka au kumeguka kabla ya kulika. Tumeomba pia fomu ya madai iongezwe nafasi mbili, zijazwe na fundi mwenyewe wala si karani. Ya kwanza ni ya kitenzi. Ya pili ni ya unene wa tabaka uliobaki, kwa milimita, kwa kila pedi ya ekseli hiyo. Pedi mpya za magari madogo huwa aghalabu na milimita 10 hadi 12, na watengenezaji wengi huagiza zibadilishwe zikifikia 2 au 3.