Mji Usiotajwa: Fani ya Uchunguzi Kifani kutoka Lamu hadi Migwani

Kichwa cha kitabu cha Abdul Hamid el-Zein, The Sacred Meadows, kilichochapishwa mwaka 1974, hakitaji Lamu. Maneno yanayofuatia kichwa hicho yanaahidi uchambuzi wa kimuundo wa ishara za dini katika mji mmoja wa Afrika Mashariki, basi. Mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa zaidi. Mabustani matakatifu ya kichwa hicho ni Riyadha, msikiti na chuo cha Habib Saleh upande wa Langoni, ambako maulidi huvuta watu kila mwaka kutoka pwani nzima. Msomaji wa mbali anapewa "mji mmoja" tu. Katika kitendo hicho naiona fani yote ya uchunguzi kifani: mahali huvuliwa jina lake ili pavikwe jina kubwa zaidi, na jina hilo ni Uislamu.

Ninachouliza hapa ni swali la fani. Kwamba el-Zein aliijua Lamu, halina ubishi. Nataka kujua kifani huandikwaje: kinaanzia wapi, nani anasema na kwa nafsi gani, sentensi inatokaje kwa watu wa mtaa mmoja hadi kwa dini ya ulimwengu, na ni kina nani wanaoachwa nje kwa sababu umbo la maandishi halina pa kuwaweka. Swali hili nalisoma nikiwa na Migwani akilini.

Migwani iko Kitui, kwenye barabara inayotoka Kitui mjini kupitia Kabati hadi Mwingi, na Mwingi nayo iko kwenye njia kuu ya Thika kwenda Garissa. Hii ni nchi ya Wakatoliki na ya Africa Inland Church (AIC). Waislamu katika miji ya namna hii ni wachache: Mkamba aliyesilimu akiwa kazini Mombasa kisha akarudi nyumbani na jina jipya, mwanamke aliyeolewa na Mwislamu, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Garissa akafungua duka. Wala Uislamu si mgeni wa jana Ukambani. Misafara ya pembe za ndovu iliiunganisha Kitui na Mombasa kabla ya kanisa lolote kujengwa huku. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, mwaka 1849, alikuwa akifuata njia ambayo wafanyabiashara walikuwa wameshaizoea. Lakini vitabu nitakavyovitaja juu ya Waislamu wa Kenya vyote vilishukia Pwani, na sababu yake si umbali peke yake. Fani yenyewe ilivielekeza huko.

Tazama msuko wa The Sacred Meadows. El-Zein, Mmisri aliyesomea Marekani na kufuata njia ya kimuundo ya Claude Lévi-Strauss, anaanza kwa kuupanga mji katika makundi: wangwana, masharifu, wazao wa watumwa. Kisha anamleta Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyewafundisha watu ambao wangwana waliwaweka mbali na elimu, na aliyeyapa nguvu Maulidi ya Habshi yenye asili ya Hadhramaut, pamoja na matari yake. Halafu inakuja hatua iliyo moyo wa kitabu. Mwandishi anachukua kisa cha kuumbwa kwa ulimwengu, yaani nuru ya Mtume, Adamu na Hawa, malaika na majini, na kuonyesha jinsi kisa kilekile kinavyowapa wangwana hoja ya kubaki juu na kuwapa wengine hoja ya kupanda. Nuru na giza, usafi na uchafu, mngwana na mtumwa: jozi hizi zinajirudia katika ndoa, katika nyumba, katika maulidi, hadi msomaji anahisi mji mzima unafikiri kwa pumzi moja.

Uzuri huo ni wa kweli. Ni vigumu kutaja kitabu kingine juu ya Pwani ambamo chumba cha bibi harusi na tari la maulidi vinatii mantiki moja waziwazi namna hii. Bei yake hulipwa katika nafsi ya usimulizi. Watu wa el-Zein husema kwa wingi: wangwana huamini hivi, masharifu hudai vile. Ni wakati wa mazoea, wakati usio na Jumatatu wala Alhamisi. Mtu anayesadiki jambo akiwa msikitini na kulitilia shaka akiwa jikoni hana sentensi ya kukaa. Zaidi ya hayo, jozi zinahitaji pande mbili zenye watu wa kutosha kila upande. Ili ugomvi wa ndani uonekane, lazima mji ujae Waislamu hadi waweze kubishana wao kwa wao juu ya namna ya kuwa Waislamu.

Ipeleke fani hiyo Migwani uone inavyokwama. Huko Mwislamu habishani na sharifu. Anazungumza na mama yake mzazi, muumini wa AIC, juu ya nani atamchinja mbuzi wa sherehe ili wote wale. Jozi ya el-Zein inayeyuka, kwa maana pande zote mbili zimo ndani ya boma moja na zinapendana. Mchinjaji akiwa Mwislamu, kila mtu anakula na hakuna aliyeshinda. Mwanamuundo angepita hapo akasema hakuna kitu. Nami nasema hapo ndipo swali zito zaidi la dini katika bara la Kenya linapojibiwa kwa vitendo, bila kitabu wala sheikh kuitwa.

El-Zein mwenyewe aliuhisi ugumu wa umbo hili. Mwaka 1977, miaka miwili kabla ya kifo chake, alichapisha makala mashuhuri akiwapima wataalamu watano wa anthropolojia ya Uislamu, miongoni mwao Clifford Geertz na Abdalla Bujra. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna Uislamu mmoja ambao mtafiti anaweza kuushika mkononi; zipo islamu nyingi, kila moja na mantiki yake. Bujra ni mzaliwa wa Lamu, na kitabu chake cha mwaka 1971 kinahusu Hureidha, Hadhramaut. Nacho pia, katika kichwa chake, kinazungumzia mji mmoja wa Arabuni ya Kusini bila kuutaja. Mwana wa Lamu alikwenda Hadhramaut kutafuta kifani, Mmisri akaja Lamu kutafuta chake, na vichwa vyote viwili vikaficha jina la mji. Mwanaanthropolojia Talal Asad alijibu hoja ya el-Zein mwaka 1986 kwa kusema kwamba Uislamu si kitu kimoja kigumu wala si lundo la imani za wenyeji. Ni mapokeo ya mjadala, ambamo watu huhojiana wakirejea Qurani na Hadithi. Kwa mhakiki wa fani, jibu hilo lina amri ya uandishi ndani yake: acha kuandika watu wanaoamini, andika watu wanaojadiliana.

Kitui nayo iliwahi kuwa kifani, na ni vyema kukumbuka ilikuwa cha nini. Mwanatheolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango aliyefariki mwaka 2019, alitoa African Religions and Philosophy mwaka 1969. Mle ndani kuna jedwali la njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, na juu ya jedwali hilo moja akajenga nadharia ya wakati kwa Afrika nzima. Ni mruko uleule wa el-Zein, ila umefanywa na mwana wa nyumbani na ni mrefu zaidi. Kitabu hicho hakiupuuzi Uislamu; kinaujadili kama dini iliyoingia Afrika. Lakini Mkamba aliye Mwislamu hana pa kusimama. Akiwa Mkamba, yumo katika jedwali la vitenzi. Akiwa Mwislamu, yumo katika mlango mwingine wa kitabu, pamoja na watu wa nchi nyingine. Mbiti namheshimu sana, na ndiyo maana nasema wazi kwamba mpangilio wa milango yake ulimgawa mtu mmoja vipande viwili.

Aliyetii amri ile ya Asad ya kuandika mjadala vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Susan Hirsch katika Pronouncing and Persevering, kitabu cha mwaka 1998 juu ya mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi. Hapa fani inabadilika kabisa. Badala ya wangwana kuamini, tunakuta mke akimweleza kadhi jinsi mumewe alivyomwacha bila matumizi, na mume akikatiza. Kiswahili cha wadai kinaachwa kisikike, pamoja na vituo vyake na kusitasita kwake. Hirsch anaonyesha kwamba sura tuliyoizoea, ya mume anayetamka talaka na mke anayesubiri, haikai sawa mara mwanamke anapopewa nafasi ya kusimulia mahakamani. Kule kusimulia, ambako nyumbani kungeitwa kutoa siri za ndoa, ndiko kunakomshindia kesi. Hoja hii isingeweza kuandikwa kwa wakati wa mazoea. Imehitaji mazungumzo yaliyorekodiwa, zamu kwa zamu, na mwandishi mwenye subira ya kuyafuata.

Hata hivyo fani ya Hirsch inaazima kuta zake kutoka kwa mahakama, na kuta hizo zimechorwa na sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama ya kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Wahusika wote: neno hilo linafunga mlango kwa familia ya Migwani. Mzee aliyesilimu akifariki na kuacha shamba, ndugu Wakatoliki, mke wa kwanza wa AIC na watoto wa imani mbili, shauri lao litazungumzwa kwa chifu, kwa wazee wa mbai, yaani ukoo, pengine kwa hakimu wa kawaida, na pengine lisifike popote. Uislamu utakuwemo katika kila sentensi ya kikao hicho, na hakuna kadhi atakayeusikia. Mahakama ya Juu iligusa ukingo wa jambo hili Juni 2025, ilipoamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba Mwislamu kwa sababu hiyo peke yake. Majaji walilazimika kuandika juu ya familia zilizochanganyika. Watafiti wa fani hii wamekuwa wazito kuwafuata.

Badala yake, tangu milipuko ya 1998 kwenye balozi za Marekani na hasa baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, kumeenea aina nyingine ya kifani: ripoti ya usalama. Umbo lake linajulikana. Muhtasari mbele, hojaji katikati, mapendekezo mwishoni, na Mwislamu katikati ya yote kama hatari inayopimwa. Sina mengi ya kusema juu ya fani hii ila kwamba inaumiza. Barabara ya Garissa inapita Mwingi, na mtoto wa Migwani anayemwona Mwislamu kwanza kwenye kizuizi cha polisi, kisha kwenye ripoti, hajapewa hata ukurasa mmoja ambamo Mwislamu huyo ni binamu yake.

Ukurasa wa namna hiyo unaweza kuandikwa, na mfano wake upo. Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha mwaka 1989 masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Mwaka 1991 yakatoka kwa Kiswahili, lugha yaliyosimuliwa kwayo. Anayesema ni "mimi". Harusi, ngoma ya lelemama, utumwa wa mababu, ndoa zilizovunjika, dini, vyote vinakuja kwa mpangilio wa kumbukumbu ya mtu mmoja, na Uislamu unaonekana pale ulipo kweli katika maisha, mara nyingi pembeni, mara chache katikati. Kwa uzito wa nadharia, kitabu hiki hakimfikii el-Zein. Kwa fani, ndicho pekee kati ya vyote nilivyovitaja kinachoweza kusafiri hadi Migwani bila kuvunjika, kwa sababu hakihitaji mji uliojaa Waislamu wala mahakama yenye kuta. Kinahitaji mtu, miaka yake, na msikilizaji anayejua lugha yake.

Na mwanzo ninaoutaka katika kifani cha Migwani ni mazishi. Mazishi ya Ukambani huchukua siku: mwili mochari, jamaa kukutana jioni kuchanga, ratiba ya ibada, kisha kuzikwa katika ardhi ya ukoo. Maziko ya Kiislamu huharakishwa, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa sanda, maiti akielekezwa kibla. Mzee aliyesilimu anapofariki, saa chache zile za kubishana juu ya mochari na sanda, za simu zinazopigwa Mombasa na Nairobi, za mjomba anayeuliza mbai itasemaje, zinabeba kila kitu ambacho el-Zein alikitafuta katika kisa cha Adamu. Zinahitaji wakati uliopita wenye saa ndani yake, na majina.

Kwa majina, fani inakutana na kikwazo kigumu. Hirsch angeweza kuwabadilishia wadai majina, na Mombasa ingewameza. El-Zein alitosheka na neno "mngwana". Migwani haina wa kuwameza watu. Andika kwamba mjane wa Kiislamu mwenye duka karibu na stendi alisema jambo fulani, na mji mzima unajua ni nani kabla hujafunga sentensi. Kuficha jina la mji kwenye kichwa cha kitabu hakutamlinda. Mtafiti atakayekwenda huko itabidi aketi na mjane huyo na jamaa zake wa dini zote mbili, awasomee alichoandika kwa Kikamba au Kiswahili kabla hakijachapishwa, na awe tayari kufuta aya nzuri kuliko zote ikiwa mama huyo atasema hiyo ni ya nyumbani.