Jalidi na Majani Kwenye Ardhi ya Tundra

Uwanda wa Kvadehuksletta uko pwani ya kisiwa cha Spitsbergen, mbali kaskazini mwa Norway, na ardhi yake imejaa miviringo. Kila mviringo una udongo laini katikati, upana wa mita 2 au 3, na pembeni umezungukwa na tuta la kokoto. Miviringo hiyo imebanana hata tuta moja huwatosha majirani wawili. Mawe yako upande wake, udongo upande wake, na aliyeyachambua ni jalidi.

Namna anavyochambua ndiyo inayonivutia. Udongo laini hushika maji, kokoto huyaacha yapite. Baridi inaposhuka, tabaka nyembamba za barafu huota ndani ya udongo na kuuinua, na katika kuinuka huko mawe husukumwa pembeni. Majira ya joto ardhi hushuka, lakini jiwe halirudi palepale lilipotoka. Mwaka 2003, watafiti Mark Kessler na Brad Werner walionyesha kwa kompyuta kwamba mwendo huu mdogo, ukirudiwa mara nyingi, unatosha kuzaa miviringo yenyewe, na kwamba mahali penye mteremko mawe hujipanga mistari.

Lakini nani huinua udongo? Kwa muda mrefu jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba maji yakiganda hutanuka, karibu asilimia 9. Stephen Taber, mwanajiolojia wa Marekani, hakuridhika. Badala ya maji alitumia benzeni, kimiminika ambacho kikiganda husinyaa. Akaigandisha ndani ya udongo, na udongo ukainuka vilevile! Kumbe siri ilikuwa mwendo wa kimiminika kutoka chini: hufuata mahali panapoganda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, na barafu huzidi kunenepa kadiri inavyolishwa. Sijui jaribio lingine lililokata shauri kwa unyoofu namna hii.

Hadi hapo mimea haijatajwa, na bila mimea habari ya tundra haijakamilika. Kaskazini mwa Alaska kuna mabaka ya udongo mtupu, mengi yakiwa na upana wa mita 1 hadi 3, katikati ya zulia la kijani: mimea midogo ya kutambaa iitwayo mosi, majani ya jamii ya ndago, na mierebi mifupi isiyofika gotini. Mosi huzuia joto la kiangazi lisizame ardhini, na wakati wa baridi, pamoja na theluji, huchelewesha ubaridi kupenya. Baka lililo wazi halina kinga hiyo. Kiangazi huyeyuka kwa kina zaidi. Baridi ikiingia huganda kwanza, huvuta maji ya pembeni na kuvimba. Mche unaojaribu kuota hapo hukatwa mizizi na barafu, kwa hiyo baka hubaki tupu, na kwa kuwa ni tupu huendelea kuvimba. Pembeni mambo ni kinyume: palipoota majani, barafu hupungua nguvu, na majani huzidi kuota. Mpaka kati ya pande hizo mbili ndio mchoro tunaouona. Ukienda kaskazini zaidi, mimea ni haba mno kuweka mpaka. Ukishuka kusini, hufunika kila kitu.

Afrika Mashariki nayo ina kipande cha ufundi huu. Juu ya Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa mita 4,000 na zaidi, jalidi hufanya kazi usiku na kuacha mchana. Sindano zake za barafu huinua udongo wa juu tu, kwa hiyo michoro yake ni midogo. Huko huko kuna mosi zilizoota mviringo kama mpira, hazijashika ardhi, kwa sababu barafu huzigeuza na kila upande hupata zamu ya kuota.

Tukirudi kwenye tundra, jaribio la watafiti Anja Kade na Donald Walker, lililochapishwa mwaka 2008, lilipima mkono wa mimea wenyewe. Huko Alaska waliondoa mimea yoyote iliyokuwapo kwenye baadhi ya mabaka, na kwenye mengine wakapandikiza mosi. Palipovuliwa mimea, ardhi iliinuka zaidi kwa takriban robo. Palipofunikwa kwa mosi, kuinuka kulipungua kwa karibu nusu.