Ganda, Chumvi na Ukubwa wa Jibini

Gurudumu moja la Emmental ya Uswisi lina kilo 75 hadi 120. Camembert ya Normandy, Ufaransa, ina gramu 250. Yote ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa, yakachujwa maji na kutiwa chumvi, na ni rahisi kudhani kwamba tofauti hiyo ni mazoea ya wenyeji tu. Hoja yangu ni kwamba aliyeamua ni ganda. Jibini hupoteza maji kupitia ganda, na chumvi huingilia hapo hapo. Kadiri umbo linavyokua, ndivyo ganda linavyozidi kuwa dogo likilinganishwa na kilichomo ndani. Camembert yenye kipenyo cha sentimita 11 na unene wa sentimita 3 ina takriban sentimita moja ya mraba ya ganda kwa kila sentimita moja ya ujazo. Parmigiano Reggiano ya Italia, yenye kipenyo cha sentimita 40 na kimo cha 24, haifikishi hata 0.2. Camembert hukomazwa na ukungu mweupe unaoota juu yake na kuilainisha kuelekea ndani, kwa hiyo ikiwa nene kiini hubaki kikavu kama chaki wakati pembeni pameshalegea. Parmigiano haiuzwi kabla ya miezi 12. Ingekuwa na umbo la kisahani, ingegeuka jiwe.

Umbo kubwa nalo linadai maziwa mengi kwa mpigo: lita 500 na zaidi kwa Parmigiano moja, ya jioni yakichanganywa na ya asubuhi. Mfugaji mmoja wa zamani, mwenye ng'ombe wachache, asingeyapata. Ndiyo maana kwenye milima ya Jura, inakotengenezwa Comté, wafugaji walianza kukusanya maziwa yao pamoja tangu karne ya 13. Majira ya baridi ni marefu kule, na maziwa ya kiangazi yalipaswa kuhifadhiwa. Naamini ushirika huo ulizaliwa na gurudumu lenyewe, kwa kuwa kijibini kidogo kisingevuka msimu.

Yapo maelezo mashuhuri kwamba Emmental ilikuzwa kwa sababu ushuru ulitozwa kwa idadi ya magurudumu, si kwa uzito. Huenda ushuru ulichochea, ila hauelezi umbo. Emmental ina upana wa sentimita 80 hadi 100, lakini kimo chake hakizidi 27. Mkwepa ushuru angeweza kuongeza kimo vilevile. Chumvi ndiyo isingekubali, maana inapaswa kusafiri kutoka kila uso hadi katikati. Pingamizi zito zaidi ni jibini za mraba, kama Taleggio na Maroilles. Kona hukauka na kupasuka mapema kwa sababu hewa huzipiga pande zote, lakini jibini hizi ni laini na hukomaa kwa wiki kadhaa tu, zikioshwa ganda mara kwa mara. Kona hazipati muda wa kuharibika.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote unatoka viwandani. Jibini ya aina ya Emmental ilipoanza kukomazwa ndani ya mfuko wa plastiki, bila ganda, iliacha mara moja kuwa gurudumu. Leo hutoka ikiwa tofali, rahisi kupanga na kukata. Parmigiano, inayolindwa na ganda lake yenyewe, ingali mviringo.