"Hajalala Tangu Arudi": Istilahi Katika Madai ya Askari wa Zamani

Mshughulika na istilahi huzoea kudhani kwamba kosa lake litaishia karatasini. Tafsiri tuliyoletewa hivi karibuni ili tuipitie imetukumbusha kwamba sivyo. Yahusu kijana wa Afrika Mashariki aliyehamia Marekani, akajiunga na jeshi la huko, akapelekwa Afghanistan, na baada ya kuacha jeshi akadai fidia kwa ajili ya usingizi uliomtoroka na hofu isiyomwacha. Sehemu ya kwanza ni maelezo ya taratibu za madai, yaliyotiwa katika Kiswahili ili wazazi wake wayaelewe. Sehemu ya pili ni ushahidi wa mama yake, ulioandikwa kwa Kiswahili ukatafsiriwa kwa Kiingereza. Sarufi ya mtafsiri haina kasoro kubwa. Hata hivyo, istilahi alizozichagua zingeweza kumpotezea kijana huyu haki yake.

Tuanze na jina la mdai. Mtafsiri amemwita "mkongwe wa vita". Ukongwe katika Kiswahili ni umri, na kijana wa miaka 26 hawi mkongwe kwa kuvua sare. Wengine hupendelea "askari mstaafu", lakini kustaafu ni kumaliza muda wa kazi, aghalabu kwa pensheni. Sheria ya Marekani haiangalii umri wala pensheni. Huangalia kama mtu alitumikia jeshi na kuondoka bila kufukuzwa kwa aibu. Kwa maoni yetu, "askari wa zamani" latosha.

Pili, nguzo ya madai haya imetafsiriwa "uhusiano wa huduma". Msomaji wetu akisikia huduma hufikiria zahanati na maji ya bomba. Linalotakiwa hapa ni kuonyesha mambo matatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio au maradhi ya wakati wa utumishi, na kiungo baina ya hayo mawili. Tunapendekeza "ulemavu utokanao na utumishi". Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji hawatapenda neno "ulemavu" kwa mtu mwenye viungo vyote. Lakini neno hilo limekwisha kukubaliwa katika sheria. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nayo haikomei kwenye viungo vya mwili. Afadhali tulipanue neno lenye nguvu ya sheria kuliko kubuni jingine lisilo na mwenyewe.

Tatu ni jina la ugonjwa. Mtafsiri ameandika "msongo wa mawazo", basi. Msongo wa mawazo humpata hata mwalimu anayesahihisha mitihani. Ugonjwa unaokusudiwa uliingizwa mwaka 1980 katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, na sharti lake la kwanza ni tukio la kutisha lililotangulia. Istilahi isiyotaja tukio imeuondoa mzizi wa ugonjwa wenyewe. Neno "kiwewe" limeanza kuzoeleka, nasi twaliunga mkono, ila lina upungufu mmoja: kwa kawaida kiwewe ni hali ya kitambo, mtu huingiwa nacho kikamtoka. Kwa hiyo twapendekeza "maradhi ya baada ya kiwewe", ili muda uonekane katika jina.

Nne, usingizi. Hapa ndipo tuliposikitika zaidi, kwa kuwa Kiswahili ni tajiri na mtafsiri amekifanya maskini. Kila mahali ameandika "kukosa usingizi", ilhali asili ya Kiingereza yataja hali tatu: kutopata usingizi, jinamizi, na kukatika pumzi mtu akiwa usingizini. Tofauti hii ina thamani ya fedha. Katika jedwali la magonjwa ya akili lililowekwa mwaka 1996, usingizi ulioharibika kwa muda mrefu ulitajwa miongoni mwa dalili za kiwango cha asilimia 30. Katika jedwali la magonjwa ya pumzi la mwaka huohuo, mwenye kukatika pumzi aliyehitaji mashine ya kumsaidia kupumua alipewa asilimia 50. Mwaka 2022 idara husika ilipendekeza majedwali hayo yabadilishwe, lakini kanuni moja ni ya kukumbukwa: dalili ileile hailipwi mara mbili. Wala viwango havijumlishwi kama nazi sokoni. Mwenye 50 na 30 hapati 80. Ile 30 hukatwa katika 50 iliyosalia, ikawa 15, jumla 65, nayo hukaribishwa kwenye 70. Mzazi aliyesoma "kukosa usingizi" mara tatu ataona mwanawe amedai kitu kimoja, kumbe ni vitatu.

Na maneno tunayo. Mtu "hugutuka" usingizini, hulala "usingizi wa mang'amung'amu", "hukabwa na jinamizi", "huweweseka". Tazama hili la mwisho: sauti zake zafanana na za kiwewe, kana kwamba lugha yenyewe ilikwisha kuona kwamba hofu ya mchana na makelele ya usiku ni ndugu. "Kukesha" tulitenge, maana anayekesha matangani amekusudia.

Tano ni kipimo cha ushahidi. Daktari hatakiwi kuapa. Hutakiwa kusema kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi haupungui nusu. Mizani ikilingana, mdai ndiye hupewa faida ya shaka. Mtafsiri ameandika mahali pamoja "huenda", na mahali pengine "bila shaka". La kwanza ni hafifu mno, maana "huenda" yaweza kuwa moja katika mia. La pili humtisha mdai adhani kwamba asipokuwa na uhakika kamili hana dai. "Yamkini" na "labda" nazo hazina kipimo. Hapa neno moja halitoshi. Tuseme "uwezekano usiopungua nusu", tusione haya kwa urefu wake.

Tumalizie na mama. Aliandika: "Hajalala tangu arudi." Kila Mswahili anaelewa. Mtafsiri akageuza neno kwa neno, na ofisa wa Kiingereza akasoma kwamba kijana hakupata usingizi kabisa kwa miaka kadhaa, jambo lisiloaminika. Aliandika pia "amechanganyikiwa", ikatoka kama wazimu. Shahidi asiye daktari huruhusiwa kueleza aliyoyaona na kuyasikia, na nguvu yake yote ni kuaminika. Mama huyu aliona mlango ukikaguliwa mara tatu usiku; alisikia kilio saa tisa; alikuta godoro limehamishiwa ukutani. Hayo yamo katika karatasi yake, lakini yamefunikwa na sentensi ya kwanza iliyomfanya aonekane mwongo.

Hatusemi mtafsiri aongeze wala apunguze ushahidi. Twasema afasiri maana: "tangu arudi, hajapata usiku wa usingizi mzuri". Hiyo ndiyo kauli ya mama, na ndiyo itakayopimwa.

Dai likikataliwa, taratibu zilizoanza Februari 2019 humpa mdai njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie upya, au kukata rufani barazani, na kwa kawaida hupewa mwaka mmoja. Tafsiri yaweza basi kurekebishwa. Lakini mwaka wa mtu asiyelala ni mrefu.

Tunawaomba walimu, watafsiri na maofisa watuletee maoni juu ya istilahi hizi, hasa "maradhi ya baada ya kiwewe". Mwenye bora zaidi asisite.